Mgeni na Mwenyeji: Historia ya Akaunti za Bure za Unix na Mahitaji ya Mwanafunzi wa Kiswahili wa Kailo

1.0 Utangulizi

Makala haya yanazungumzia jambo ambalo kwa juu juu huonekana kuwa la mafundi peke yao, yaani jinsi ya kuchagua akaunti ya bure ya kujifunzia Unix kwenye kompyuta iliyo mbali. Tunalileta kwa wasomaji wa taaluma za Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza, historia ya Unix ni historia ya watu waliotaka kushughulikia maandishi, tena kwa kiasi kikubwa kuliko inavyodhaniwa. Pili, mtu anayetaka leo kuhesabu maneno ya Kiswahili, kuyachambua kimofolojia au kulinganisha lahaja zake, hukuta kwamba zana nyingi zilizo imara zimejengwa katika mifumo ya jamii hiyo. Asiyeweza kuitumia hubaki akisoma matokeo ya wengine kuhusu lugha yake mwenyewe.

Mahali tunapopazingatia ni Kailo, eneo la utawala linalopakana na mji wa Kindu katika mkoa wa Maniema, mashariki ya Kongo. Kailo inajulikana kwa machimbo ya kasiteriti na wolframu. Kiswahili kilifika Maniema katika karne ya 19 pamoja na misafara iliyoweka vituo vyake Nyangwe na Kasongo, kikaendelea kuishi bega kwa bega na Kisongola na lugha nyingine za wenyeji. Kiswahili hicho kinasemwa kila siku sokoni, kanisani, msikitini na machimboni. Lakini katika hazina za maandishi zilizohifadhiwa kwenye kompyuta, nafasi yake ni ndogo mno.

Inafaa kufafanua istilahi chache. Kompyuta ilipoanza kuzungumzwa kwa Kiswahili ilipewa majina mengi: wengine walipendekeza ngamizi, wengine tarakilishi, na wasemaji walio wengi wakabaki na kompyuta. Sisi pia tutabaki nalo. Kwa sheli tuna maana ya programu inayopokea amri zilizoandikwa kwa herufi, ikazitekeleza na kurudisha jibu kwa herufi vilevile. Haihusiani na sheli ya kuuzia petroli, ingawa matamshi ni yale yale. Akaunti ya sheli ni ruhusa ya kuingia katika kompyuta ya mtu mwingine, kwa jina na neno la siri, na kufanya kazi humo kana kwamba umeketi mbele yake.

Dai letu ni kwamba anayechagua akaunti ya namna hii huchagua mwenyeji kabla ya kuchagua mashine. Kwa hiyo maswali anayopaswa kuuliza ni yale ambayo mgeni yeyote mwenye busara huyauliza: nyumba hii ni ya nani, inatunzwa kwa fedha za nani, nitaruhusiwa kufanya nini ndani yake, na siku mlango utakapofungwa nitaweza kutoka na mzigo wangu?

2.0 Unix kama chombo cha maandishi

Unix ilianza mwaka 1969 katika maabara ya Bell, nchini Marekani, kwa kazi ya Ken Thompson na Dennis Ritchie pamoja na wenzao. Walipohitaji mashine kubwa zaidi, walipata fedha za kununua PDP-11 kwa kuahidi kwamba wangeunda mfumo wa kutayarishia maandishi. Ahadi hiyo ilitimizwa: mwaka 1971 wachapaji wa idara ya hataza walikuwa wakiitumia Unix kuandika maombi ya hataza za kampuni. Hivyo watumiaji wa kwanza wa Unix nje ya kikundi cha waundaji hawakuwa wanahisabati, bali wachapaji waliotaka kurasa zilizopangika. Mashine iliyowatumikia ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 24 tu. Tutairudia tarakimu hii mwishoni.

Amri iitwayo grep, ambayo leo hutumiwa kutafuta mfuatano wa herufi katika faili, nayo ilitokana na swali la kifilolojia. Kwa simulizi ya Brian Kernighan, mwenzao Lee McMahon alikuwa akichunguza insha 85 za kisiasa zilizoandikwa Marekani mwaka 1787 na 1788, ambazo uandishi wa baadhi yake ulibishaniwa. Alitaka kulinganisha mitindo ya waandishi kwa kutafuta maneno fulani, lakini maandishi yalikuwa makubwa kuliko kihariri cha wakati huo kilivyoweza kubeba. Thompson akachomoa sehemu ya kutafutia kutoka katika kihariri hicho na kuifanya programu inayojitegemea.

Jambo la tatu ni mfereji. Tangu mwaka 1964 Doug McIlroy alipendekeza kwamba programu ziunganishwe ili matokeo ya moja yawe chakula cha nyingine, na mwaka 1973 Thompson aliliingiza wazo hilo katika Unix. Faida yake kwa mwanaisimu huonekana katika mstari mmoja wa amri:

tr -cs 'A-Za-z' '\n' < hadithi.txt | sort | uniq -c | sort -rn

Hapa tr inaweka kila neno kwenye mstari wake, sort inayapanga, uniq inahesabu yanayofanana, na sort ya pili inaanza na neno linalotokea mara nyingi zaidi. Mwanafunzi aliyenukuu hadithi kumi za wazee hupata orodha ya msamiati wake wote kabla kahawa haijapoa. Mwenye uangalifu ataona upungufu mara moja: ng'ombe atakatwa vipande viwili, kwa kuwa kipoza sauti hakimo katika herufi zilizotajwa, na Mtoto wa mwanzo wa sentensi atahesabiwa mbali na mtoto wa katikati. Kuurekebisha mstari huo ndiyo kazi ya kwanza inayomfaa mwanafunzi wa Kiswahili, na ndiyo sababu anahitaji mahali pa kujaribu na kukosea.

3.0 Wenyeji wa bure

Unix iliundwa tangu mwanzo ili watu wengi wagawane mashine moja kwa wakati mmoja. Katika miaka ya 1980 mashine hizo zilikuwa ghali, nazo zilikuwa mikononi mwa vyuo na makampuni. Mtu wa kawaida aliyetaka kujifunza alihitaji mwenye mashine aliye tayari kumfungulia mlango.

Mwaka 1983, katika mji wa Ann Arbor, Michigan, Mike Myers alianzisha M-Net, mojawapo ya mifumo ya kwanza ya Unix iliyofunguliwa kwa umma kwa njia ya simu. Mwaka 1987 Andrew Burt alianzisha Nyx katika Chuo Kikuu cha Denver. Mwaka huohuo, huko Texas, Ted Uhlemann alianzisha SDF kwenye kompyuta ndogo ya Apple IIe kama ubao wa matangazo wa wapenzi wa katuni za Kijapani. Baadaye SDF iligeuka kuwa mfumo wa Unix, na kwa miaka mingi sasa imeendeshwa kwa NetBSD. Mwaka 1991 baadhi ya watumiaji wa M-Net walianzisha Grex, kwa maana ya kundi katika Kilatini. Huu ulikuwa ushirika ulioongozwa na bodi iliyochaguliwa na wanachama, ambao waliulipia ili wasio wanachama pia waingie bure.

Wenyeji hawa walikabiliwa na tatizo moja: baadhi ya wageni waliitumia nyumba vibaya, kwa kutuma barua taka au kushambulia mashine nyingine. Kila mmoja alitafuta dawa yake. Nyx ilidai uthibitisho wa utambulisho. SDF ilimpa mgeni mpya amri chache, ikamwongezea nyingine baada ya kuchangia kiasi kidogo cha fedha mara moja. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na tunaweza kusema kwamba mifumo iliyodumu ni ile iliyojua kugawa majembe. SDF ingali hai. Grex, baada ya miaka zaidi ya 30, ilifunga milango yake mwaka 2023.

Mwaka 2014 mtindo huu ulipata vijana wapya pale Paul Ford alipoanzisha tilde.club, mashine moja ya Linux aliyoifungua kwa wasiomjua, na ambayo ilizaa nyingine nyingi za mfano wake. Wakati huohuo makampuni makubwa nayo yalianza kutoa sheli za bure ndani ya kivinjari. Cloud Shell ya Google, kwa mfano, humpa mtumiaji gigabaiti 5 za kuhifadhia kazi, ila sehemu hiyo hufutwa asipoitumia kwa siku 120.

4.0 Barua bila sheli

Mlango ulipofunguliwa Ann Arbor na Denver, je, msomi wa Afrika ya Mashariki aliweza kuingia? Kwa sehemu kubwa, hapana. Na sababu yake inafaa kueleweka, kwa kuwa kivuli chake bado kipo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mradi wa ESANET uliunganisha vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere, Dar es Salaam, Zambia na Zimbabwe kwa barua za kompyuta. Mbinu iliyotumika ni ya kuhifadhi na kupeleka: barua zilikusanywa kwenye kompyuta ya chuo, na kwa saa maalumu modemu ilipiga simu, ikazituma na kupokea zilizokuwa zikingoja. Mbinu hii ilifaa sana palipo na simu za gharama kubwa na laini mbovu. Lakini sheli ni mazungumzo, na mazungumzo yanahitaji pande zote mbili ziwepo kwa wakati mmoja. Aliyepata barua mara moja au mbili kwa siku aliweza kuomba faili kutoka ng'ambo na kuipokea kesho yake. Hakuweza kuandika amri na kuona jibu.

Kongo ilikuwa na safari yake. Nchi ilipobadili jina mwaka 1997, anwani zake za intaneti zilibadilika pia, kutoka .zr hadi .cd. Kisha vita vya miaka ya 1998 hadi 2003 viliitenga Maniema na mikoa mingine. Nyaya za chini ya bahari zilifika pwani ya Afrika ya Mashariki mwaka 2009, na Moanda, kwenye pwani ya Kongo, zilizinduliwa mwaka 2013. Ila Moanda iko upande wa pili wa nchi, na Mombasa iko ng'ambo ya mipaka kadhaa. Katika maeneo kama Kailo njia ya kuingilia mtandaoni ni simu ya mkononi, na mega hununuliwa kwa kupimwa.

5.0 Kiswahili katika mashine ya Helsinki

Mfano ulio karibu zaidi na fani yetu unatoka Finland. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi wa Chuo Kikuu cha Helsinki alitoa nadharia ya mofolojia ya ngazi mbili, iliyowezesha kompyuta kuchanganua maneno yenye viambishi vingi. Arvi Hurskainen wa chuo hichohicho aliitumia nadharia hiyo kwa Kiswahili, na mwaka 1992 alichapisha maelezo ya kichanganuzi chake, kilichokuja kujulikana kama SWATWOL. Kabla ya hapo, tangu mwaka 1988, kulikuwa na ushirikiano kati ya Helsinki na Dar es Salaam wa kukusanya maandishi na masimulizi ya Kiswahili. Kutokana na juhudi hizi ilitokea Kopasi ya Kiswahili ya Helsinki: toleo la kwanza lilikuwa na maneno kama milioni 12.5, na la pili kama milioni 25.

Kwa muda mrefu mtafiti aliyetaka kuitumia hazina hiyo aliomba ruhusa, akapewa jina na neno la siri, akaingia kwa mbali katika mashine ya Unix. Yaani mlango wa kuingilia katika mkusanyiko mkubwa wa Kiswahili ulikuwa akaunti ya sheli. Helsinki hiyohiyo ndiko Linus Torvalds alikoanzishia Linux mwaka 1991. Na mwaka 1995 Tatu Ylönen wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki aliunda SSH, baada ya wezi kunasa maneno ya siri yaliyokuwa yakipita wazi katika mtandao wa chuo. Mwanafunzi anayeingia leo katika mashine ya mbali anatumia SSH, na mara nyingi anaikuta Linux upande wa pili.

Hata hivyo, kopasi husema kwa lugha ya waliomo. Chukua neno hatukuwaandikia. Mchanganuo wake, ha-tu-ku-wa-andik-i-a, unafuata kanuni za Kiswahili sanifu, na hazina iliyojengwa hasa juu ya magazeti na vitabu vya Tanzania inalitambua bila taabu. Lakini katika vinywa vya wengi mashariki ya Kongo, watoto wanasoma ni batoto banasoma, na mtu ni mutu. Kichanganuzi cha Kiswahili sanifu kinahitaji kuongezewa kanuni ili kimweke ba- katika ngeli yake. Kisipoongezewa, hukiona Kiswahili cha Kailo kama makosa ya tahajia. Kwa upande wa Katanga, Johannes Fabian na Vincent de Rooij waliweka mtandaoni maandishi ya Kiswahili cha wananchi, miongoni mwake historia ya mji wa Elisabethville iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965. Maniema nayo inastahili kazi kama hiyo, na wanaofaa zaidi kuifanya ni vijana waliolelewa katika lahaja hiyo.

6.0 Vigezo vya uchaguzi

Kutokana na historia hii tunaweza kuchota vigezo vitano.

Kwanza ni uzito wa njia. Skrini ya kawaida ya sheli ina safu 80 na mistari 24, yaani herufi 1,920: chini ya kilobaiti 2. Picha moja ya simu inaweza kuzidi hapo mara mamia. Kwa hiyo akaunti inayofikiwa kwa SSH tupu inafaa kuliko ile inayolazimisha kivinjari chenye madoido, kwa kuwa huacha mega kwa kazi yenyewe.

Pili ni kinachoruhusiwa ndani. Mwanafunzi aulize kama grep, sed, awk na lugha kama Python zinapatikana kwa mgeni asiyelipa, na ana nafasi kiasi gani ya kuhifadhi. Asihangaike sana kama mfumo ni NetBSD au Linux. Amri za msingi zimesanifishwa tangu kiwango cha POSIX cha mwaka 1992, na tofauti zilizobaki, kama vile baadhi ya vibadili vya amri, ni somo zuri kwa mtu anayejua lahaja ni nini.

Tatu ni uthibitisho na malipo. Mwenyeji anayedai kadi ya benki amemfungia mlango mtu wa Kailo hata kama hamtozi chochote. Anayekubali mchango mdogo wa mara moja, unaoweza kupelekwa kwa niaba ya wanafunzi na ndugu aliye mjini au ng'ambo, yuko karibu zaidi.

Nne ni siri, na hapa tunaomba msomaji atulie. Msimamizi wa mashine ya Unix anaweza kusoma faili zote zilizomo. Amri ya chmod 700 itawazuia wageni wenzako wasifungue chumba chako, lakini haimzuii mwenye nyumba. Masimulizi tunayoyakusanya Maniema hayahusu sungura na fisi peke yao; yanahusu pia vita, machimbo, ardhi, na watu waliotenda na kutendwa. Mzee aliyekubali kurekodiwa barazani kwake hakukubali jina lake likae katika mashine ya mtu asiyemjua. Majina na yote yanayomtambulisha msimulizi yaondolewe kabla ya faili kupelekwa, na sauti zenyewe zibaki nyumbani.

Tano ni mlango wa kutokea. Siku 120 zinaonekana nyingi kwa mtu wa mjini. Kwa mwanafunzi anayekwenda shamba au machimboni kutafuta ada, huku umeme ukikosekana na simu ikiharibika, zinapita upesi. Na hata mwenyeji mwema hufunga, kama Grex ilivyofunga. Basi mwanafunzi ajifunze tar na scp katika juma la kwanza, kabla ya mengine yote, na kazi yake aiandike katika faili za maandishi tupu zinazofunguka popote.

Tukivipima vigezo hivi pamoja, ushauri wetu ni huu. Amri za mwanzo zifunzwe bila mtandao, ndani ya simu, kwa programu kama Termux, iliyopo tangu mwaka 2015. Akaunti ya mbali ichukuliwe baadaye, nayo iwe kwa mwenyeji mwenye kanuni zinazosomeka na anayetunzwa na watumiaji wake, kama SDF, kwa sababu humo mwanafunzi hujifunza pia kuishi na wengine kwenye mashine moja. Sheli za makampuni zitumike kwa kazi za kupita, si kwa kuhifadhi.

7.0 Hitimisho

Tumeona kwamba akaunti ya bure ni daraja, na kwamba aliyelijenga ana haki ya kuliondoa. Swali linalobaki ni kama mwanafunzi wa Kailo atakuwa mgeni daima. Kilobaiti 24 ziliwatosha wachapaji wa mwaka 1971. Kompyuta kuukuu iliyotupwa kwenye ghala la ofisi yoyote mjini Kindu ina kumbukumbu kubwa kuliko hiyo mara maelfu. Ikiwekewa Linux, ikaunganishwa na kisambazaji kidogo cha mawimbi na paneli ya jua, inaweza kuwapa wanafunzi ishirini akaunti zao, bila mega hata moja. Mafunzo ya AfNOG, yanayotolewa barani Afrika tangu mwaka 2000, na yaliyofika Kigali mwaka 2010 na Dar es Salaam mwaka 2011, yameonyesha kwamba usimamizi wa mashine za aina hii unafundishika kwa kutumia mashine zilizomo chumbani.

Tunapendekeza kwamba idara za Kiswahili na za isimu katika vyuo vya Maniema zianze na mashine moja ya namna hiyo, na kwamba kazi ya kwanza itakayowekwa humo iwe masimulizi ya Kiswahili cha mkoa, yaliyonukuliwa kama yalivyosemwa, batoto kwa batoto na mutu kwa mutu. Watakaojifunza kuihudumia mashine hiyo watakuwa wamepitia ugeni kwenye mashine za wengine, na watajua ni sheria zipi za wenyeji wao zinazofaa kuigwa. Ni matumaini yetu kuwa wasomaji walio na uzoefu wa kazi kama hii katika mikoa ya jirani watauandikia ukumbi huu, ili tulinganishe.